Kuvu Iliyokula Mahema Yaonyesha Njia ya Mafuta

Askari aliyepata kukaa kambini wakati wa masika hahitaji kuelezwa madhara ya kuvu. Hema likikunjwa bichi hufanya madoa, na baadaye huchanika kwa urahisi. Katika Vita Kuu ya Pili, majeshi ya Marekani yaliyopigana visiwani Pasifiki yalipatwa na balaa hilo: mahema na nguo za pamba vilioza vingali vipya. Mwaka 1944, katika hema moja la kisiwa cha Bougainville, ilipatikana kuvu yenye ulafi wa ajabu.

Wataalamu wa jeshi hilo, akiwemo Elwyn Reese, waliichunguza ili wapate kuizuia. Waligundua kwamba hutoa vimeng'enya vinavyokata selulosi, yaani nyuzi ngumu za mimea, hata zikawa sukari. Petroli ilipopanda bei kuanzia mwaka 1973, swali liligeuka: ikiwa kuvu hii huweza kula hema, kwa nini isilishwe takataka? Katika maabara ya jeshi huko Natick walijaribu hata magazeti makuukuu. Mwaka 1977 kuvu hiyo ikapewa jina la Reese.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mabua, makapi ya miwa au maranda husagwa, kisha hupikwa kwa mvuke au asidi ili nyuzi zilegee. Vimeng'enya huzigeuza sukari, na hamira huichachua sukari hiyo. Mwisho hukenekwa: ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi, hivyo hutangulia maji kuwa mvuke.

Gharama, hata hivyo, ni kubwa. Kiwanda cha mabua ya mahindi kilichofunguliwa Emmetsburg, Marekani, mwaka 2014 kilisimamishwa baada ya miaka michache. Tena lita ya ethanoli ina nguvu ipatayo theluthi mbili tu ya lita ya petroli. Wala si vema kuzoa mabua yote shambani, kwani udongo nao huyahitaji.

Lakini faida yake haina budi kutajwa: gari hupata mafuta, na mahindi hubaki kwa ajili ya sufuria. Mama wa nyumbani anayepima unga wa mwisho wa mwezi anajua thamani ya jambo hilo. Ila ndugu msomaji, usijaribu kukeneka nyumbani; mvuke wa ethanoli hushika moto upesi.