Ung'atwe Bondeni, Uugulie Mlimani

Mji wa Sumbawanga uko kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ukiteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa kuelekea Muze na Mtowisa, unaingia Bonde la Ziwa Rukwa, karibu mita 1,000 chini yake. Upande wa pili, Kasanga na Kirando zimekaa kando ya Ziwa Tanganyika, nako joto ni lilelile. Safari ni ya saa chache tu, lakini koti la asubuhi unalivua njiani, na wadudu wanaokupokea si wale uliowaacha nyumbani.

Mbu hata Ufipa juu wapo; baridi ndiyo inayowapunguzia makali. Anofelesi jike akinyonya damu yenye vimelea vya malaria, haambukizi siku hiyohiyo. Vimelea hukomaa kwanza ndani ya mwili wake. Penye nyuzijoto 25 kazi hiyo huchukua siku 12 hivi. Zikishuka hadi 18 huvuta zaidi ya mwezi, na chini ya 16 husimama. Mbu wengi hufa kabla vimelea havijaiva.

Kinga hiyo ina gharama yake. Aliyekulia bondeni, akang'atwa tangu utotoni na kunusurika, mwili wake hujenga uwezo fulani wa kupambana na malaria. Aliyekulia baridini hana uwezo huo. Akishuka kulima mpunga au kununua samaki, hata awe na nguvu za kubeba magunia, mbele ya vimelea ni sawa na mtoto. Tena homa haiji papo hapo. Kwa kawaida huanza siku 7 hadi 14 baada ya kung'atwa, pengine zaidi, wakati msafiri amekwisharudi juu, kajifunika blanketi, akidhani ni mafua.

Kwenye miombo ya bondeni hadi Katavi kuna mbung'o, ambaye wengi humwita ndorobo. Huyu huuma mchana, hupenya nguo, hufuata kinachotembea na huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Baridi na nyasi tupu za Ufipa juu hazimfai. Akiwa na vimelea huambukiza malale, na malale ya Afrika Mashariki yana mbio: bila tiba huua ndani ya miezi. Kwa miaka mingi, yakishafika kwenye ubongo, tegemeo lilikuwa sindano ya melasopro, dawa yenye aseniki ambayo yenyewe iliua baadhi ya wagonjwa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vidonge vya feksinidazoli.

Basi anayeshuka afunge chandarua chenye dawa kwenye mzigo wake, na porini avae nguo ndefu, nzito, zisizo za bluu wala nyeusi. Akirudi na kupata homa, asingoje kuulizwa: amweleze daktari alilala wapi na lini, apimwe malaria siku hiyohiyo. Kama alipita penye ndorobo, alitaje hilo pia, hasa akiwa na uvimbe wenye maumivu pale alipong'atwa. Kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi malale. Lazima damu itazamwe kwa hadubini, na mtaalamu hutafuta kile alichodokezwa.