Fundi wa Kuhamisha Miti Mikongwe

Mwaka 1829 Charles Stanhope alirithi cheo cha Earl wa Harrington pamoja na kasri la Elvaston, karibu na mji wa Derby katikati ya Uingereza. Umri wake ulikuwa unagonga hamsini. Alikuwa na fedha, alipenda mavazi kupita kiasi, na moyo wake ulikuwa umemwendea Maria Foote, mwigizaji wa jukwaani ambaye magazeti ya London yalikuwa yamemchambua asibakie na siri. Walioana mwaka 1831. Watu wa tabaka lake walipomtenga bibi harusi, lodi naye akaamua kuwatenga wao: angejenga bustani ya watu wawili, yenye kuta ndefu za miti na vichochoro vya kivuli, na lango lake lingefungwa.

Bustani ya namna hiyo haipatikani kwa miche. Mti usiopukutisha majani na unaokua polepole, ukipandwa na mtu wa miaka hamsini, utampa kivuli mjukuu wake. Isitoshe, ardhi ya Elvaston ilikuwa tambarare na yenye majimaji. Lancelot Brown, mtengeneza bustani maarufu kuliko wote katika Uingereza ya karne ya 18, alikuwa ameshaitwa huko na mmiliki aliyetangulia, akaikagua na kuikataa kazi kwa kuwa haikuwa na mwinuko wala bonde la kumwanzishia kitu. Alichoacha ni mierezi sita ya Lebanoni, zawadi ya kumfariji mwenye nyumba.

Lodi alimwajiri kijana wa Kiskoti aliyezaliwa mwaka 1805, William Barron, aliyekuwa amefunzwa kazi katika bustani ya mimea ya Edinburgh. Barron alifika Elvaston mwaka 1830. Kabla ya kupamba chochote alishughulika na maji: alichimba mifereji ya kuyatoa ardhini, kazi isiyoonekana na isiyosifiwa na mgeni yeyote. Ndipo akaanza kuleta miti, si miche, bali miti mizima yenye umri wa binadamu na zaidi.

Kuhamisha miti mikubwa hakukuanza naye. Katika hekalu la Malkia Hatshepsut huko Deir el-Bahari, Misri, kuna michoro ya ukutani yenye umri wa karibu miaka 3,500 inayoonyesha wanaume wakibeba miti ya ubani kwa mipiko mabegani, mizizi ikiwa ndani ya vikapu. Miti hiyo ilitoka nchi ya Punt, ambayo wanahistoria wengi huiweka pande za Pembe ya Afrika na Bahari ya Shamu. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alihamishiwa miti kutoka misituni ili kujaza Versailles. Brown mwenyewe alikuwa na mkokoteni wa magurudumu mawili na nguzo ndefu: nguzo ilifungwa kwenye shina, mti ukainamishwa hadi ukalala, ukavutwa na farasi. Na mwaka 1828 Sir Henry Steuart wa Allanton, Scotland, alitoa kitabu kizima juu ya kazi hiyo, kilichosomwa na kila mwenye shamba la urithi.

Tofauti ya Barron ilikuwa kwenye udongo. Mti ukilazwa, bonge la udongo linalokumbatia mizizi hupasuka kwa uzito wake lenyewe, na mizizi myembamba, ile inayofyonza maji, hukatika bila mtu kuiona. Barron aliuchimbua mti ukiwa wima na kuusafirisha ukiwa wima. Vibarua walichimba handaki kuuzunguka, mbali na shina, kisha wakachimba kwa chini huku wakipenyeza mbao nene. Bonge lilifungwa lisimomonyoke. Fremu nzito ya mbao yenye magurudumu ilisogezwa na kuuzunguka mti pande zote, nao ukanyanyuliwa kwa minyororo na kuning'inia katikati. Mashine moja ya aina hiyo ilinunuliwa na bustani ya Kew, London, katika miaka ya 1860, na ingali imehifadhiwa huko.

Kipenzi chake kilikuwa mti wa yuu, ambao wataalamu wa mimea huuita Taxus baccata. Una majani membamba ya kijani kilichokolea yasiyopukutika wakati wa baridi, matunda mekundu yenye mbegu ya sumu, na maisha marefu ajabu. Hupatikana sana kwenye viwanja vya makanisa ya kale. Barron aliisaka miti ya yuu katika mashamba na vijiji vya mbali, akainunua, akaipitisha barabarani ikiwa imesimama juu ya magurudumu. Wanakijiji waliokutana na msafara huo alfajiri lazima walijifikicha macho. Mti wa yuu una sifa moja iliyomfaa: ukikatwa, huchipua hata kwenye tawi kuukuu, kwa hiyo hustahimili misukosuko ambayo ingeua msonobari.

Kwa miaka 20 hivi watunza bustani wapatao 90 waliijenga Elvaston, na walioruhusiwa kuiona walihesabika. Lodi alifariki mwaka 1851. Ndugu yake aliyerithi hakuwa na mapenzi ya kiwango hicho wala mfuko wake. Alipunguza wafanyakazi hadi 11, akafungua lango kwa watu wenye kiingilio, na akamtaka Barron aifanye bustani ijilipie. Ni hapo biashara ilipozaliwa. Fundi aliyefanya kazi ya siri kwa miongo miwili alikuwa na ujuzi usio na mshindani, kitalu kilichojaa, na sasa alikuwa huru kumuuzia yeyote. Mwaka 1852 alitoa kitabu chake juu ya bustani za miti isiyopukutisha majani, na katika miaka ya 1860 akahamia kwenye ardhi yake mwenyewe huko Borrowash, jirani tu na Elvaston. Akiwa na mwanawe John, kampuni ikaitwa William Barron and Son.

Wateja wao wakubwa hawakuwa malodi tena. Miji ya viwanda ilikuwa imejaa moshi na msongamano, na halmashauri zake zilitaka bustani za umma. Diwani anayetumia kodi za watu ana haraka kama ya lodi mwenye mapenzi: siku ya uzinduzi hawezi kuwaonyesha wapiga kura uwanja mtupu wenye vijiti. Barron na mwanawe walibuni au kujenga bustani huko Aberdare nchini Wales, Locke Park mjini Barnsley, na Abbey Park mjini Leicester, iliyofunguliwa mwaka 1882. Hiyo ya Leicester ilikuwa kwenye bonde la mto Soar, mahali palipozoea mafuriko. Mtu aliyejifunza kazi kwenye tope la Elvaston alijua aanzie wapi.

Kazi iliyotangaza jina la kampuni kuliko zote, hata hivyo, ilikuwa ya mti mmoja. Mwanzoni mwa 1880 kanisa la Mtakatifu Andrea huko Buckland, Dover, lilikuwa likipanuliwa, na njiani kulikuwa na mti wa yuu unaoaminika kuwa na zaidi ya miaka elfu moja. Radi ilikuwa imeupiga zamani na kulipasua shina, sehemu yake ikawa imelala karibu na ardhi. Barron, akiwa na miaka 74, aliitwa.

Mti wa namna hiyo haungeweza kuning'inizwa kwenye fremu. Vibarua walichimba kuuzunguka na chini yake, wakatengeneza sakafu ya magogo na mbao chini ya bonge lote, kisha wakachimba njia hadi shimo jipya. Matawi na vipande vya shina vilitegemezwa na kufungwa visije vikaachana. Bonge lilikisiwa kuwa na uzito wa tani 56 hivi, sawa na ndovu dume tisa. Likawekwa juu ya magogo ya kuviringisha, likavutwa kwa winchi za mkono, kidogo kidogo, umbali wa mita 18 hivi. Mti huo ungali hai hadi leo kwenye uwanja wa kanisa.

Mtu akisoma habari hizi huvutiwa na mashine. Lakini swali la msingi liko ardhini: mti unapoondoka, unaondoka na mizizi kiasi gani? Watu wengi hudhani mizizi huufuata mti kwenda chini kama kivuli chake majini. Kwa kweli sehemu kubwa ya mizizi ya kunyonya maji iko kwenye nusu mita ya juu hivi, na husambaa kupita ncha za matawi. Hata bonge lililochimbwa kwa kufuata kanuni huacha nyuma sehemu kubwa ya mizizi hiyo; makadirio ya wataalamu hufika asilimia 80 na zaidi. Mti hufika nyumba mpya na majani yaleyale, ila midomo ya kunywea imebaki michache.

Kanuni ya leo ni kwamba upana wa bonge uwe mara 10 hadi 12 ya kipenyo cha shina. Chukua mti wa wastani, shina la sentimita 30. Bonge litakuwa la mita tatu, na kina chake tuseme sentimita 80. Hizo ni zaidi ya mita tano za ujazo za udongo, takribani tani tisa kabla hujahesabu mti wenyewe. Ndiyo maana gharama hupanda kwa kasi kuliko unene wa shina, na ndiyo maana mwenye lori la kubebea mchanga anayedai atahamisha mwembe wa uani kwa siku moja anastahili kuulizwa maswali mawili matatu.

La kwanza ni la muda. Mti mkubwa huandaliwa mapema, mwaka mmoja au zaidi, kwa kukata mizizi kwa awamu kwenye mzunguko wa bonge lijalo ili ichipue vijizizi vipya karibu na shina. La pili ni la kina: mti upandwe usawa uleule uliotoka, au juu kidogo, maana mizizi iliyofukiwa sana hukosa hewa. Hewa hiyo si jambo dogo. Oktoba 1987 dhoruba iliuinua mwaloni wa Turner pale Kew, uliopandwa mwaka 1798, ikaurudisha chini pamoja na mizizi yake. Miaka mitatu baadaye mti uliokuwa unadhoofika ulikuwa umenawiri, kwani udongo ulioshindiliwa na miguu ya wageni ulikuwa umelegezwa. La tatu ni nani atamwagilia. Katika nchi za baridi hesabu ya mafundi ni mwaka mmoja wa kupona kwa kila sentimita mbili na nusu za kipenyo cha shina, kwa hiyo mti wetu wa sentimita 30 unadai uangalizi wa zaidi ya muongo.

Afrika Mashariki imeyaonja mambo haya karibuni. Mwaka 2020 barabara ya juu ya Nairobi ilipopangwa kupita Waiyaki Way, mti mkubwa wa aina ya mugumo uliokuwa Westlands ulikuwa ung'olewe na kuhamishwa. Watetezi wa mazingira walipinga, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru mti ubaki ulipo. Katika Kaunti ya Kilifi, mwaka 2022, mibuyu mikubwa iling'olewa mashambani mwa watu ili isafirishwe hadi Georgia, kwenye bustani ya Shekvetili ufukweni mwa Bahari Nyeusi, iliyoanzishwa na tajiri Bidzina Ivanishvili. Mwezi Novemba Rais William Ruto aliagiza uchunguzi wa vibali. Bustani hiyo ilikuwa imeshajadiliwa kwa filamu ya mwaka 2021 ya Salomé Jashi, inayoonyesha miti ya vijiji vya Georgia ikinunuliwa, barabara zikipanuliwa kwa ajili yake, na mti mmoja ukivuka bahari ukiwa wima juu ya mashua.

Mbuyu humdanganya anayeupima kwa macho tu. Shina lake ni laini na limejaa maji, na kwa kawaida mti hutumia akiba hiyo kutoa majani kabla mvua hazijaanza. Kwa hiyo mbuyu uliong'olewa unaweza kuchipua majani mabichi huku mizizi haijashika popote. Mnunuzi na mpiga picha huona mafanikio. Fundi hufukua pembeni ya bonge kutafuta vijizizi vyeupe.