Betri Ni ya Nani?

Pikipiki ya umeme haina kabureta. Haina pistoni, haina ringi, haina klachi pleti, wala haihitaji oili ya injini. Najua kwa sababu vitu hivyo ndivyo ninavyoviuza. Duka langu la spea liko Mtopanga, Kisauni, hapa Mombasa, karibu na steji ya boda, na sehemu kubwa ya rafu zangu imejaa vitu ambavyo pikipiki hizi mpya hazitavitaka kamwe. Hata hivyo nasema wazi: zije. Ila zije kwa masharti, na masharti hayo ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Kwanza tuelewane inavyofanya kazi. Injini ya petroli hulipua mafuta ndani ya silinda, mara maelfu kwa dakika, na sehemu kubwa ya nguvu ile hupotea kuwa joto. Muulize mama yeyote wa Kisauni aliyezoea kupanda boda na leso yake kiunoni, atakuonyesha kovu la ekzosi mguuni. Mota ya umeme haina mlipuko. Ndani yake mna sumaku na nyaya za shaba. Umeme ukipita kwenye nyaya, sumaku husukumwa, gurudumu likazunguka. Baina ya betri na mota kuna kisanduku kiitwacho kontrola. Dereva akikaza mkono, kontrola ndiyo inayoamua umeme kiasi gani upite. Na ndani ya betri yenyewe mna sakiti ndogo inayolinda seli zisipate moto kupita kiasi wala zisiishiwe chaji kabisa. Kinachobaki cha kawaida ni tairi, beringi, breki shuu na shokapu. Vitu hivyo bado nitaviuza.

Pwani yetu ilikuwa katikati ya jambo hili tangu mapema. Tarehe 1 Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua hapa Mombasa mpango wa pikipiki za umeme pamoja na kampuni ya Spiro. Mwezi huohuo petroli ilipita shilingi 200 kwa lita, na steji nzima ikawa haina mazungumzo mengine. Ng'ambo ya pili, Miritini, kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers kilikuwa kimeanza kuunganisha mabasi ya umeme ya kampuni ya BasiGo, yakapelekwa kubeba abiria Nairobi. Vijana wa Mombasa hiihii waliunganisha basi la umeme kwa mikono yao, nasi wa Kisauni tunavuka daraja la Nyali ndani ya matatu ya dizeli yenye moshi. Hilo huniuma kila ninapokwenda mjini kufuata mzigo.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo mtu wa boda anapolala na kuamkia. Mwaka 2023 EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, iliruhusu umeme wa vyombo vya usafiri uuzwe kwa bei yake maalumu: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 saa zile ambazo matumizi ya nchi ni madogo, kabla ya kodi na tozo. Betri ya pikipiki hubeba uniti tatu hivi. Kwa bei hiyo ya 2023, kuijaza usiku ilikuwa shilingi 24, mchana 48, kisha uongeze kodi. Uniti hizo zaweza kumpeleka kijana kilomita 60 au 70 kutegemea abiria, mzigo na barabara. Pikipiki ya petroli kwa safari hiyo itakunywa lita moja na nusu hivi. Kwa bei ya Septemba ile, hiyo ni shilingi 300 na ushei. Nimeipiga hesabu hii mara nyingi kaunta na vijana, na kila mara umeme unashinda.

Lakini kijana hanunui umeme kwa bei hiyo. Kwa kampuni nyingi pikipiki huuzwa bila betri. Betri ni mali ya kampuni. Chaji ikiisha unaipeleka kituoni, unapewa nyingine iliyojaa na unalipa bei waliyoipanga wenyewe. Ndani ya bei hiyo mna umeme, kodi ya kituo, mshahara wa mhudumu na gharama ya betri, ambayo ndiyo kitu ghali kuliko vyote kwenye pikipiki hiyo. Sioni ubaya wa kampuni kurudisha fedha zake. Tena mpango huu una faida: humalizi asubuhi nzima ukisubiri chaji, na betri ikizeeka si hasara yako. Tatizo ni kwamba betri ya kampuni hii haiingii kwenye pikipiki ya kampuni ile. Bei ikipanda, huna pa kuhamia. Kituo kikifungwa, umebaki na chuma.

Hali hii sisi tumeipitia kwenye mitungi ya gesi. Mwaka 2009 zilitoka kanuni zilizotaka vali za mitungi ya majumbani ziwe za aina moja, na mama akaweza kurudisha mtungi wa kampuni moja akachukua wa nyingine dukani mtaani kwake. Kanuni zile zilikuja kubadilishwa 2019, ila zilionyesha kwamba Serikali ikitaka, kampuni hukubaliana. Rasimu ya sera ya taifa ya usafiri wa umeme ilizinduliwa Machi 2024. Sharti langu la kwanza ni hili: betri ziwe na soketi moja na volti moja, na sera hiyo ilisimamie hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Sharti la pili linamhusu fundi. Kijana mmoja wa steji yetu alikuja akiisukuma pikipiki yake ya umeme jua la saa saba. "Mamangu, betri imejaa lakini haiendi." Fundi anayefanya kazi barazani pangu alichungulia chini ya kiti, akaona soketi ya waya wa kontrola imeota kutu ya kijani. Chumvi ya bahari hiyo, hapa hula kila kitu, na mvua za masika huimalizia. Kuisafisha kulitaka brashi, spiriti na grisi kidogo. Kijana alikataa isiguswe: mkataba wake unasema asifungue mtu mwingine, na akifungua atalipishwa. Akaisukuma mpaka kwa wenyewe, akaambiwa asubiri zamu yake. Siku alizokaa bila kazi, malipo ya mkopo wa pikipiki hayakusimama.

Betri yenyewe isifunguliwe ovyo, nakubali kabisa. Seli za lithiamu zikiunganishwa vibaya huwaka, na moto wake si wa kuzimwa kwa ndoo ya maji. Lakini waya, soketi, swichi, breki na beringi si siri ya mtu. Mafundi wetu waliijifunza pikipiki ya petroli ya Boxer kwa kuifungua. Hii ya umeme wafundishwe darasani, wapimwe na NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwanda, kama wanavyopimwa kwa kazi nyingine, wapewe michoro ya waya, nasi wenye maduka tuuziwe kontrola na soketi zisizoingia maji. Nitazipanga pale zilipokuwa kabureta.

Nawe unayefikiria kuchukua pikipiki hizi, soma mkataba kabla ya kutia sahihi. Uliza betri ni ya nani. Uliza kama kampuni inaweza kuizima pikipiki kutoka mbali, na ni kwa kosa gani. Uliza kituo kilicho karibu nawe kinafungwa saa ngapi, na nani ana ruhusa ya kuitengeneza ikikwama Kiembeni usiku. Kuna kampuni zinazouza pikipiki pamoja na betri yake, ukaichaji nyumbani; linganisha na hizo pia. Majibu yote yaandikwe kwenye karatasi. Wakikataa kuyaandika, usichukue.