Hewa Inapoinua Bahari: Mto Pangani na Mlango Wake

Korogwe na Handeni ziko juu mno kufikiwa na maji ya bahari, lakini mvua ya huko huteremka kwa Mto Pangani na Mto Msangazi hadi Bahari ya Hindi, na wepesi wa maji hayo kutoka mlangoni hutegemea kimo cha bahari saa hiyo. Kimo hicho hakiamuliwi na mwezi peke yake. Kanieneo la hewa, yaani uzito wa hewa unaoukandamiza uso wa maji, likishuka kwa hektopaskali 20, bahari huinuka takriban sentimita 20, na upepo wa kimbunga unaosukuma maji ufuoni huzidisha kimo hicho, hasa penye kina kifupi. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, mwezi mpya ulikuwa bado siku nne, hivyo kilikuta maji mafu, yaani siku za maji kujaa kidogo. Kingekawia hadi bamvua ya mwezi mpya, maji yanapojaa kuliko siku nyingine zote, hatari ingekuwa kubwa zaidi.

Hatari isiyojulikana sana ni tsunami ya hali ya hewa, ambayo haitokani na tetemeko bali na badiliko la ghafla la kanieneo linalosafiri juu ya bahari kwa mwendo ule ule wa wimbi, hata wimbi likazidi kukua njiani, kama lile lililoua watu Dayyer, nchini Iran, tarehe 19 Machi 2017. Mwendo wa wimbi hufuata kina: penye mita 40, kama katika mkondo ulio kati ya Unguja na bara, ni takriban kilomita 70 kwa saa, ambao dhoruba ya ngurumo huweza kuufikia, lakini penye mita 800, kama katika Mkondo wa Pemba, hupita kilomita 300, ambao hakuna dhoruba inayouweza. Mji wa Pangani uko karibu na pale mikondo hiyo miwili inapokutana.

Oktoba 2019, maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto lisilo la kawaida upande wa magharibi, mvua kubwa iliua watu wilayani Handeni na kukata barabara ya Korogwe–Handeni, na joto hilo hilo, kwa kuwa maji yenye joto hutanuka, lilikuwa limeinua bahari ya Afrika Mashariki. Mto uliofurika hukutana na bahari iliyopanda kati ya mji wa Pangani na Bweni iliyo ng'ambo ya mto, na maji yakijaa hapo mto huzuiwa kutoka hadi yaanze kupwa. Kwa hiyo tahadhari ya mafuriko inayotolewa Korogwe ingefaa itaje pia saa ya maji kujaa Pangani.