Utunzi wa Mdomo na Sharti la Umbo la Kudumu: Mchango katika Mjadala wa Kurekebisha Sheria ya Hakimiliki

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza swali ambalo mijadala ya hakimiliki katika Afrika Mashariki hulipita kando: shairi lililotungwa na kughaniwa bila kuandikwa ni la nani, pale msikilizaji anapolirekodi kwa simu na kulisambaza mtandaoni? Hoja yetu ni kwamba sheria inayodai kazi itiwe kwanza katika umbo la kudumu humpa mwenye chombo cha kurekodi nguvu aliyostahili mtunzi. Sharti hilo, kwa hiyo, halina budi kurekebishwa.

2.0 Dhana ya Utunzi

Katika Kiswahili, kitenzi *tunga* hutumika kwa shanga na kwa shairi vilevile. Anayetunga shanga huzipanga katika uzi. Anayetunga shairi hupanga maneno kwa vina na mizani. Kazi hiyo ikishatimia, shairi limekwisha kuwapo. Kuandika ni tendo jingine, na aghalabu hufanywa na mtu mwingine. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, yalihifadhiwa katika kumbukumbu za watu hadi Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor walipoyakusanya, W. Hichens aliyachapisha mwaka 1940, takriban karne moja baada ya kifo cha mtunzi. Hakuna msomi anayemwita Taylor au Hichens mtunzi wa mashairi hayo. Jadi yenyewe pia ilikuwa na njia ya kulinda jina: watunzi wengi wa tenzi walijitaja katika beti za mwisho.

3.0 Sheria Mbili Zinazotofautiana

Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, unaziachia nchi wanachama uhuru wa kuweka au kutoweka sharti la umbo la kudumu. Nchi hizi mbili zilichagua njia tofauti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 humlinda mtunzi kwa sababu tu ameibuni kazi yake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, katika kifungu cha 22, inadai kazi ya fasihi, ya muziki au ya sanaa iwe imeandikwa, imerekodiwa au imetiwa katika umbo jingine la kushikika.

Yaweza kudaiwa kwamba mghani wa Kenya analindwa na haki za waigizaji na watumbuizaji. Dai hilo lina ukweli, lakini haki hizo hulinda utendaji, yaani sauti na tukio la kughani. Mtu akilihifadhi shairi moyoni kisha akalighani kwa sauti yake mwenyewe, utendaji huo ni wake. Kilichochukuliwa ni utunzi.

4.0 Tatizo katika Zama za Dijitali

Yaweza pia kusemwa kuwa shairi likisharekodiwa, hata na mgeni, sharti limetimizwa na mtunzi amepata haki yake. Kinadharia ni hivyo. Hata hivyo, faili, tarehe yake na jina lililoambatanishwa nayo vyote vimo mikononi mwa mrekodi. Mfumo wa Content ID, ulioanzishwa na YouTube mwaka 2007, hulinganisha kazi zinazopandishwa na faili za rejea zilizowasilishwa na wanaodai haki. Asiye na faili hana cha kulinganishwa. Marekebisho ya Kenya ya mwaka 2019 yalimtengea msanii au mwenye haki asilimia isiyopungua 52 ya mapato ya milio ya simu, na yale ya mwaka 2022 yakaiongeza. Hiyo ni hatua njema, ila mgao hauna maana kwa mtunzi ambaye hakutambuliwa tangu mwanzo.

5.0 Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, Kenya iondoe sharti la umbo la kudumu kwa kazi za fasihi na muziki, kama ilivyo Tanzania Bara. Pili, anayerekodi utunzi wa mdomo na kuusambaza awajibike kumtaja mtunzi, na rekodi ihesabiwe kuwa ushahidi wa utunzi, isiwe chimbuko la umiliki. Tatu, ulinzi huo usizuie malumbano, ambamo mshairi huazima vina na hoja za mwenzake ili amjibu. Bila uazimaji huo ushairi wa Kiswahili ungekosa mojawapo ya tanzu zake zilizo hai. Wanaisimu na wanafasihi wana wajibu hapa, kwani mahakama itahitaji wataalamu wa kueleza lini shairi limekamilika na wapi jibu linaishia na wizi unaanzia.