Mashine ya Kukatia Nyasi ya Kuendeshwa: Itumie kwa Usalama

Kuanzia majira ya kuchipua hadi majani yanapopukutika, nyasi za Washington, D.C., Maryland na Virginia Kaskazini hukua upesi, na kazi ya kuzikata huwapa riziki watu wengi waliohamia eneo hili. Mashine ambayo mwendeshaji huikalia kama trekta ndogo hurahisisha kazi hiyo. Hata hivyo, visu vyake vina nguvu ya kukata mguu na kurusha jiwe kwa mbali. Kijikaratasi hiki kinaeleza namna ya kuiendesha, na la kufanya inapokataa kuwaka.

Kabla ya kuanza

• Kagua uwanja. Ondoa mawe, matawi, nyaya na vitu vya kuchezea watoto.
• Vaa viatu vigumu vilivyofunika vidole, suruali ndefu, miwani ya kinga na vikinga masikio.
• Tia petroli nje, injini ikiwa imezimwa na kupoa. Tumia petroli yenye ethanoli isiyozidi asilimia 10.
• Usiwashe mashine ndani ya gereji au banda. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua.

Unapoendesha

Ikiwa mashine ina upinde wa chuma nyuma ya kiti, usimamishe upinde huo na ufunge mkanda wa usalama. Upinde ukilazwa, usifunge mkanda, kwa maana mashine ikipinduka utabanwa chini yake. Mashine nyingi hazifai mteremko unaozidi nyuzi 15. Soma kitabu cha maelekezo ya mashine yako. Jiepushe na kingo za mitaro, madimbwi na nyasi zilizolowa. Kabla ya kurudi nyuma, zima visu, kisha utazame nyuma na chini.

Mtoto asipakatwe wala kupandishwa kwenye mashine, hata kwa dakika moja. Mtoto aliyezoea kupandishwa huikimbilia mashine akiisikia, na dereva anayerudi nyuma huenda asimwone. Watoto wakae ndani ya nyumba pamoja na mtu mzima. Madaktari wa watoto nchini Marekani hushauri kwamba mtu asiendeshe mashine hii kabla ya kutimiza miaka 16.

Katika joto la kiangazi, kunywa kikombe cha maji kila baada ya dakika 15 hadi 20, hata kama huna kiu, na upumzike kivulini.

Mashine ikikataa kuwaka

Mara nyingi si ubovu, bali ni kinga. Mashine imeundwa isiwake mpaka kila kitu kiwe mahali pake. Kagua kwa utaratibu huu:

1. Je, umekaa vizuri kitini?
2. Je, breki ya kuegeshea imefungwa?
3. Je, swichi ya visu imezimwa?
4. Ikiwa mashine huongozwa kwa vishikio viwili, je, vyote vimesukumwa nje?
5. Je, kuna petroli, na je, ni mpya? Petroli iliyokaa miezi mingi huharibika.
6. Je, ncha za betri zimekazwa na hazina kutu? Je, fyuzi ni nzima?

Injini ikizimika unaponyanyuka kitini visu vikizunguka, hiyo ndiyo kazi yake. Usiunganishe nyaya ili kuikwepa swichi hiyo, hata ukiamriwa.

Nyasi zikikatwa bila usawa, kagua upepo wa magurudumu na ukali wa visu. Mashine ikitetemeka ghafla, izime mara moja; huenda kisu kimepinda au kimelegea.

Nyasi zikiziba

Zima visu, funga breki, zima injini na utoe ufunguo. Subiri visu visimame kabisa, kisha uchomoe waya wa plagi. Toa nyasi kwa kijiti, usitumie mkono.

Ajali ikitokea

Piga 911 na useme neno “Swahili” ili upate mkalimani. Bana jeraha kwa nguvu ukitumia kitambaa safi. Kidole kilichokatika kizungushiwe kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Mtu akimeza petroli, asitapishwe, piga 1-800-222-1222.

Haki yako kazini

Mwajiri anapaswa kukufundisha usalama kwa lugha unayoielewa. Ukiona hatari, piga simu OSHA, idara ya serikali kuu ya usalama kazini: 1-800-321-6742. Unaweza kuomba jina lako lifichwe. Ukiadhibiwa kwa kulalamika, toa taarifa OSHA ndani ya siku 30.