Majina ya Parameta (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tuliona kazi ya funksheni: unaipa vitu, inakupa jibu. Leo tutazame majina ya vitu inavyopewa, yaani parameta.

Chukua ramani. Dar es Salaam ipo kwenye latitudo -6.8 na longitudo 39.3. Ikiwa funksheni ya kuweka alama ina parameta ziitwazo a na b, anayeiita atajuaje ipi itangulie? Akizigeuza, kompyuta hailalamiki, kwa kuwa namba zote mbili ni halali. Itaiweka alama magharibi mwa Hispania, karibu na mpaka wa Ureno, na daladala ya Kariakoo itaonekana imekwenda Ulaya bila viza. Kosa hili si la wazembe peke yao. Kiwango cha GeoJSON, toleo la 2016, hutanguliza longitudo, ilhali Google Maps hutanguliza latitudo. Jina kamili halimalizi mvutano huo, ila angalau anayesoma anajua ameshika nini.

Jina likibeba na kipimo, bora zaidi. Ukiiambia Python ilale 3, hulala sekunde 3. SetTimeout ya JavaScript ikipewa 3 ile ile husubiri milisekunde 3, usiwahi hata kupepesa jicho. Parameta iitwayo "muda" haisemi lolote. "Muda_sekunde" inasema yote.

Tukirudi kwenye mpangilio, katika lugha ya PHP funksheni ya strpos hutaka kwanza maandishi yanayopekuliwa, kisha kinachotafutwa. In_array hutaka kinyume chake. Toleo la 8.0, lililotoka 2020, liliruhusu mwitaji ataje parameta kwa jina, na mpangilio ukapungua makali. Lakini tangu hapo jina limekuwa ahadi: ukilibadilisha, programu za wenzako zilizolitaja zitavunjika. Ndiyo maana watunzaji wa PHP walisafisha majina mengi kabla ya kutoa toleo hilo.

Sisi tunaoongea Kiswahili tuna mtihani wetu wa ziada, kuchanganya lugha. Sina ugomvi na Kiswahili wala Kiingereza ndani ya programu. Chagua kimoja ukae nacho. Niliwahi kurithi programu ya chama cha kuweka na kukopa ambamo funksheni moja ilidai "mwanachama", nyingine "mteja", ya tatu "member". Siku nzima nilitafuta tofauti yao, nikadhani mteja ni yule asiye na hisa. Wote watatu walikuwa mtu mmoja.